Jitoa, Jitolea

Darasa letu la watu wazima hukutana Kawangware jioni tatu kwa wiki, ndani ya chumba cha mabati ambacho mchana ni cha watoto wa chekechea. Viti ni vya watoto. Wanafunzi wangu, wengi wao akina mama wanaotoka kufua na kupiga pasi Lavington, hukaa magoti yakikaribia kidevu, daftari mapajani, na sijawahi kumsikia hata mmoja akilalamika. Zamani darasa kama hili liliitwa ngumbaru, na wazee bado wanaliita hivyo. Wanafunzi wanakuja kutafuta Kiingereza cha kusomea ujumbe wa tajiri kwenye simu, cha kujazia fomu za shule za watoto, cha kuelewa karatasi anayopewa mtu hospitalini.

Jumanne moja mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Alitoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa programu ya mazishi, zile zetu zenye picha ya marehemu mbele, wasifu katikati na nyimbo nyuma. Mama yake alikuwa amezikwa miezi mitatu iliyopita, nyumbani, magharibi. Wasifu uliandikwa kwa Kiingereza na binamu mmoja aliyesoma, ukasomwa kwa kipaza sauti mbele ya hema. Chini ya neno moja palikuwa na mstari wa kalamu, umepitiwa mara nyingi hadi karatasi ikaanza kutoboka.

"Mwalimu, hili neno ni nini? Liliposomwa watu waliitikia kwa kichwa, na mimi nikaitikia. Lakini sikujua wamesema nini juu ya mama yangu."

Neno lenyewe lilikuwa devoted. Nilimjibu palepale, kama mtu anayejibu swali la mtihani: wamesema mama alijitolea.

Alinitazama kwa muda. "Hapana, Mwalimu. Mama hakujitolea. Alikuwa analipwa. Alifulia watu nguo miaka kumi na tisa, na hakuna siku alifua bure."

Akaikunja karatasi yake kwa mikunjo ileile, akaniaga, akatoka. Nilifuta ubao nikijua kwamba nimemfariji mtu kwa neno lisilomfaa.

Na alikuwa na haki ya kulikataa. Nairobi hii, kujitolea maana yake ni kazi isiyo na mshahara. Anayejitolea ni kijana mwenye tisheti ya shirika anayepewa nauli na chakula cha mchana, au mgeni wa wiki mbili anayepaka rangi ukuta wa shule. Neno limebanwa hapo mpaka serikali nayo imelitumia hivyo: mwaka 2023, wahudumu wa afya wa jamii, zaidi ya 100,000 nchi nzima, walipopangiwa posho ya kila mwezi, jina lao la Kiingereza nalo lilibadilishwa, lile la kujitolea likatupwa. Kana kwamba aliyepitia vichochoro vya Gatina, hapa Kawangware, kuwapima watoto kabla ya posho na anayepitia baada yake ni watu wawili tofauti kwa sababu mfukoni mna kitu kidogo. Ukishalipwa, hujitolei. Mama wa mwanafunzi wangu, kwa hesabu hiyo, alikuwa mfuaji tu.

Usiku ule niliketi na neno la Waingereza nione limetoka wapi. Walilipata katika Kilatini, devovere, na ndani yake mna vovere, kuweka nadhiri. Mzizi huohuo ndio uliowapa vow, yaani nadhiri yenyewe, na vote, yaani kura. Lakini kwa Warumi kitendo hiki kilikuwa kizito kuliko ahadi ya mdomo. Mwanahistoria wao Livy anasimulia jinsi konsuli Publius Decius Mus, mwaka 340 kabla ya Kristo, alivyoona upande mmoja wa jeshi lake unarudi nyuma vitani. Akamwita kuhani. Akafunika kichwa kwa joho, akasimama juu ya mkuki uliolazwa chini, akayarudia maneno aliyosomewa, akijitoa yeye pamoja na jeshi la adui kwa miungu ya kuzimu. Kisha akapanda farasi akaingia katikati ya maadui, na huko ndiko alikofia. Hicho ndicho kitenzi kilichoingia katika Kiingereza karne ya 16, kikalainika kadiri kilivyotumika, hata leo mtu anaweza kukitumia kwa saa mbili alizozitenga za kulima bustani.

Nilijaribu maneno yetu mengine. Nadhiri tunayo, kutoka Kiarabu, lakini nadhiri hutamkwa, na sidhani yule mama aliwahi kutamka chochote mbele ya karai la nguo. Wakfu nalo tunalo, na ni neno ninalolipenda sana. Asili yake ya Kiarabu ni kusimama, kutulia mahali. Watu wa mwambao wanajua: shamba, nyumba au kisima kikiwekwa wakfu kinasimama, hakiuzwi tena wala hakirithiwi, faida yake inaendelea kuwafikia wale waliokusudiwa, mwenye mali awe hai au awe kaburini. Kwa nyumba, neno hilo limekamilika. Kwa mwanamke aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kila siku na kutembea kutoka Kawangware hadi milango ya Lavington, kusimama si kitenzi chake.

Nikaenda kulala na deni la mtu.

Jumamosi nilishuka barabara ya Naivasha hadi Dagoretti Corner, nikashika ya Ngong mpaka maduka ya Adams, nikakata katikati ya soko la mitumba la Toi na kuingia Kibera kwa upande wa Makina. Ni njia yangu ya siku nyingi. Makina ndiko Wanubi walikoanzia, wajukuu wa askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la mkoloni, na ni lugha yao iliyopaita mahali hapa Kibra, msitu. Akina mama wa Kinubi wangali wanasuka tabaga, zile sinia za ukindu wa rangi zinazofunika chakula, na nikiona moja imeangikwa mlangoni huwa nasimama kuangalia mzunguko unavyokwenda bila kuonyesha ulipoanzia. Hati ya ardhi yao, ekari 288, waliipata mwaka 2017, zaidi ya miaka 100 tangu babu zao wakae hapo. Siku ile sikusimama sana. Nilikuwa nakwenda kwa mzee wa mifupa.

Kibera ina mafundi wengi wa mifupa, na mzee huyu ni mmoja wao. Banda lake limejengwa ukutani mwa nyumba ya udongo, kivuli cha mabati mbele, pipa la kuchemshia upande mmoja, benchi upande wa pili. Mtu asiyejua hupita akiziba pua. Mimi harufu ile nimeizoea, na nikikaa nusu saa huwa siisikii tena.

Mifupa huja kwa gunia, kutoka vichinjio vya Dagoretti na kutoka kwa wauza supu ambao kwao imeshatoa ladha yote. Mzee hataki kila mfupa. Anataka wa mguu wa ng'ombe, kutoka goti kwenda kwato, kwa kuwa huo umenyooka na ukuta wake ni mnene. Anakata ncha mbili kwa msumeno, maana huko ndani ni kama sponji, hakushiki umbo. Halafu anapitisha waya katikati na kutoa uboho. Kinachobaki ni bomba zito la rangi ya maziwa yaliyoganda, lenye mafuta ambayo mkono unayahisi hata ukishanawa.

Mafuta hayo ndiyo adui, na yanatolewa kwa kuchemsha. Pipa linajaa maji na sabuni ya unga, moto unawekwa, mifupa inachemka, maji yanamwagwa, yanawekwa mengine, inachemka tena. Hapa ndipo nilipoanza kumheshimu mzee huyu, miaka mingi iliyopita, kabla sijajua kwa nini. Mfupa uliochemshwa nusu hauonyeshi kosa siku hiyo. Ukipigwa msasa unang'aa sawa na mwenzake. Utachongwa kidani, utauzwa, mnunuzi ataondoka nao Ujerumani au Kisumu akiwa na furaha. Ni baada ya miezi ndipo mafuta yaliyobaki ndani yanapanda juu na kuacha madoa ya manjano, na kufikia hapo fundi hayupo wa kuulizwa. Ukizidisha kuchemsha nako, unaua kile kinachoushikilia mfupa, ile kolajeni iliyofumwa ndani ya madini yake, na mfupa unakuwa mwepesi, mkavu, unavunjika kama chaki chini ya keekee. Kati ya makosa hayo mawili kuna muda fulani, na muda huo haufanani kwa ng'ombe mzee na ndama, wala kwa mfupa uliokaa juani na uliotoka kuchinjwa jana.

Mzee hana saa. Anatoa vipande viwili kwa koleo, anavipoza kwa maji, anavigonganisha karibu na sikio. Vikitoa sauti butu anavirudisha. Siku ile alivirudisha mara tatu. Mara ya nne nami nilisikia: sauti nyembamba, safi, kama kikombe cha kauri kikigongwa na kijiko. Akaviweka kivulini. Juani havipelekwi kamwe, vinapasuka.

Kijana wake anayejifunza alikuwa kwenye mota. Ni mota iliyotolewa kwenye mashine kuukuu ya kufulia nguo, imefungwa kwenye ubao, na ncha yake inazungusha gurudumu lililogandishwa msasa. Stima ilikuwapo, kwa hiyo hakuwa na muda wa kuniamkia kwa maneno marefu. Alivaa kitambaa puani na mdomoni, na mzee alimkaripia mara mbili kilipoteremka, kwa sababu vumbi la mfupa likiingia kifuani halitoki kirahisi. Mzee mwenyewe hukohoa. Msumeno huchovywa majini kila baada ya mikwaruzo michache ili vumbi lisipae, jambo linaloirefusha kazi karibu maradufu, na hilo pia linafanywa.

Kuna vipande vinavyopambwa. Nta ya moto inadondoshwa pale panapotakiwa kubaki peupe, kipande kinatumbukizwa katika rangi nyeusi, halafu nta inaondolewa kwa maji ya moto na michirizi inajitokeza. Watalii huvipenda. Shaba ya manjano, ile mafundi wanayoiita brasi, inatoka kwenye mifereji mibovu na kufuli zilizokufa, inayeyushwa kwa makaa na kumwagwa katika mchanga uliopigwa muhuri wa umbo. Yote hayo ni mazuri, na yamesifiwa na wengi.

Wapo wateja wanaoshika kidani na kunong'ona kama ni pembe ya ndovu. Mzee hukasirika kwa upole. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, biashara ya nyara za wanyamapori ikafungwa mwaka uliofuata, na Julai 1989 tani 12 za pembe zilichomwa moto ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, mwendo mfupi kutoka banda hili. Humwonyesha mteja mfupa juani, kwa karibu: una vidoa vidogo vyeusi, kama vitundu vya sindano, ndimo damu ilimopita. Pembe, ukiikata kwa upana, ina mistari inayopishana kama wavu. "Huyu alikuwa ng'ombe," husema. "Aliliwa na watu, wakashiba. Mimi naendelea pale walipoishia." Anapenda mnunuzi aondoke akijua hivyo.

Siku ile lakini alikuwa akifanya kazi isiyo na mapambo. Fundi wa nguo alikuwa ameagiza vifungo 200 vya mashati. Vifungo vyeupe, vya mviringo, vyenye matundu manne.

Nilikaa kwenye kibao nikamwangalia. Kifungo kinapokatwa na kusawazishwa na kutobolewa, mimi ningekihesabu kimekwisha. Kwa mzee ndipo kinapoanza. Alikuwa na keekee nene kidogo kuliko ile ya kutobolea, imeshikizwa kwenye kipande cha mti, na aliizungusha kwa vidole, mara mbili au tatu tu, kwenye mdomo wa kila tundu. Kisha akageuza kifungo na kufanya vilevile upande wa nyuma. Matundu manne, pande mbili, midomo minane. Baada ya hapo alipitisha kila tundu uzi uliopakwa dawa ya kung'arishia, akauvuta huku na huku kama anayepiga zeze. Mwisho alichukua uzi wa kawaida wa cherehani, akauingiza katika matundu mawili, akaukaza, akausugua mara ishirini. Aliuangalia uzi kwenye mwanga. Haukuwa na hata unyoya mmoja uliosimama. Akakitupa kifungo bakulini na kuchukua kingine.

Midomo minane mara mia mbili ni 1,600.

Nikamuuliza kwa nini. Alisema tundu lililotobolewa na kuachwa lina ukingo mkali kama wembe, ila hauonekani. Shati likivaliwa na kufuliwa, ukingo unaula uzi kidogo kidogo, na baada ya miezi kifungo kinaanguka barabarani. Mwenye shati atasema uzi ulikuwa mbaya, au dobi alisugua sana. Hatasema kifungo.

"Na huyu aliyeagiza anajua unafanya hivi?"

"Atajuaje? Ataona vifungo."

"Anakulipa zaidi ya anayeuza bila kufanya hivi?"

Alicheka, akaendelea kuzungusha keekee. "Vifungo nalipwa, mwalimu. Matundu silipwi."

Nilimsimulia basi habari ya mama yule na neno lake, na jibu nililompa, na jinsi alivyolikataa. Alisikiliza bila kuacha kazi. Nikamuuliza kama yeye, kwa mfano, angesema anajitolea. Alikataa upesi kuliko yule mama. Kujitolea ni kwa vijana wa kanisa, akasema, wanaozoa taka Jumamosi; yeye ana watoto wa kulisha. Halafu kimya kirefu, vifungo vitano au sita. Halafu: "Lakini kitu kinatoka. Jioni nikifunga hapa, najua kimetoka." Alinyoosha vidole vyake, vikagoma kunyooka vyote. Aliniuzia kifungo kimoja. Nilitaka kumlipa bei ya kidani, akanirudishia chenji.

Nilirudi Kawangware kwa miguu, kifungo mfukoni, na njiani ndipo kitenzi chetu kilipofunguka. Kilikuwa mdomoni mwangu siku zote, na sikuwahi kukiangalia kama mzee anavyoangalia mfupa.

Kinaanza na toa. Neno fupi, la kila siku: toa mkono, toa nje, toa pesa. Lakini toa ni mfupa uliotolewa kitu ndani. Zamani palikuwa na l katikati, tola, na ulimi wa Waswahili ukaidondosha, kama ilivyodondoka katika maneno mengi yanayoishia na irabu mbili. Haikupotea lakini. Ukitaka kuonyesha kwamba kitendo kinamwendea mtu au jambo, l inarudi: zaa inakuwa zalia, vaa inakuwa valia, fua inakuwa fulia, na toa inakuwa tolea. Imekaa humo miaka yote kama uboho, haionekani mpaka neno likatwe mahali panapostahili.

Sasa weka ji mbele, ile ji inayomrudishia mtenda tendo lake mwenyewe, kama katika jinyima na jikaza na jifunza. Ukiiweka juu ya toa peke yake unapata jitoa, na kila mama wa Kawangware anajua maana yake: fulani amejitoa kwenye chama. Ameondoka. Zamu yake ya kupokea ilipita, au hakuvumilia, na hataonekana Jumapili. Ukiiweka juu ya tolea unapata jitolea, na maana inageuka kabisa. Huyu amebaki. Amejichukua mwenyewe, akajiweka nje ya nafsi yake, kwa ajili ya kitu au mtu. Anayejitoa na anayejitolea wote wawili wametoka. Tofauti yao ni kwamba mmoja anakokwenda kumekwisha kutajwa. Silabi moja, le, ndiyo inayobeba hilo, na ndani ya silabi hiyo imo ile l ya kale.

Tazama pia kisichokuwemo katika neno hilo. Hamna mshahara, hamna bure. Hakuna kiungo hata kimoja ndani yake kinachouliza kama mtu alilipwa. Hilo tulilipachika sisi, juzijuzi, kwa fomu na tisheti. Walioliunganisha neno hili viungo vinne, ji na to na le na a, kila kimoja kikikaa mahali pake bila gundi inayoonekana, walikuwa wakifikiria jambo jingine. Napenda kuamini kwamba walijua kazi yao, kama mzee anavyojua midomo ya matundu: hakuna anayesema jitolea akasikia l ikirudi, ila bila l neno halishiki.

Ningependa kusema Kiingereza kina chake na sisi tuna chetu, yakaishia hapo. Ila kuna jambo katika chetu ninaloliona bora kwa kazi hii. Devote inataka siku moja, mkuki chini ya miguu, kuhani, maneno. Jitolea haihitaji siku. Inaweza kuwa ya kila siku, kama sabuni ya kufulia.

Jumanne nilifika darasani mapema. Yule mama alipoingia nilimwita mbele, nikamwekea kifungo kiganjani bila kueleza kitu. Nilikuwa nimejiandalia maelezo marefu juu ya fundi wa Kibera. Hakunihitaji. Alikigeuza, akakipima uzito, akapitisha ncha ya kucha ndani ya tundu moja, halafu la pili, polepole, kama mtu anayesoma.

"Hiki hakikati uzi," alisema.

Nikamuuliza amejuaje.

Akaketi kwenye kile kiti kidogo, akaniambia. Mama yake alikuwa na kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, limejaa vifungo. Si vya nguo zao. Alivinunua Kawangware, sokoni, kwa pesa yake, na vingine aliviokota. Kila jioni alirudi na shati au gauni la watu wa Lavington lililopungukiwa kifungo, amelikunja ndani ya mkoba, na baada ya chakula alikaa chini ya taa akitafuta ndani ya kopo kinachofanana. Wakati mwingine alitafuta kopo zima na kukosa, akahamisha kile cha chini kabisa, kinachofichwa na suruali, akakishona juu, na kile kisichofanana akakiweka chini. Alfajiri alirudisha nguo. Alizigeuza ndani nje kabla ya kufua, zipu akazifunga, kola akazisugua kwa mkono hata pale walipomnunulia brashi. Hakuna aliyemwambia. Tajiri mmoja aliyekaa naye miaka minane hakuwahi kujua, maana shati lisilokosa kifungo halina la kuulizwa. Wao watoto walikasirika wakati mwingine, wakamwambia aache, hakulipwa kwa hiyo. Alikuwa akijibu kwamba shati limepita mkononi mwake.

Mikono yake mwishoni ilikuwa imekauka, vidole havikunjuki. Bintiye alinionyesha kwa vidole vyake mwenyewe jinsi vilivyokuwa, na nilivitambua. Nilikuwa nimeviona Jumamosi.

Wenzake walikuwa wameingia mmoja mmoja wakati akisimulia, na hakuna aliyefungua daftari. Nikamweleza basi lile neno, kiungo kwa kiungo, nikiandika ubaoni: toa, tolea, jitolea. Nikaandika na jitoa kando yake, na mama mmoja aliyekaa nyuma akataja mara moja jina la aliyejitoa chamani mwezi uliopita, darasa likaangua kicheko. Mwenye karatasi hakucheka. Aliangalia ubao kwa muda mrefu, midomo ikitembea.

Halafu akaomba chaki. Alisema anataka kuandika sentensi ya mama, kwa Kiswahili, ile ambayo ingesomwa. Aliandika polepole, herufi kubwa, mkono mmoja umeshika ubao kama unaweza kuanguka: MAMA ALIJITOA KWA NGUO ZA WATU NA KWA SISI.

Akarudi nyuma hatua mbili, akasoma kwa sauti. Alipofika neno la pili alisimama. Hakufuta. Hakukuwa na nafasi kati ya O na A, kwa hiyo alichora chini yake alama ndogo ya mshale, kama nilivyowafundisha, na juu yake, kwa uangalifu, akaandika LE.